Ndoo ya nyuma haijai

Jumatatu moja mwezi wa nne, saa 11 na nusu alfajiri, nimefungua stoo mwenyewe kwa sababu kuna gari la lodge linaondoka saa 12 kwenda Karatu na wanataka katoni nane za kuku na sato wa Mwanza. Nje mvua, ile ya masika ya Arusha isiyo na haraka, imeanza usiku na haina dalili ya kukata. Nimewasha taa, nimevaa koti, nimevuta mlango wa friza, nimeingia hatua mbili na mguu ukateleza.

Sikuanguka, nilidaka rafu. Nikaangalia chini nikaona kioo.

Barafu, upana wa sinia la pilau, ipo chini ya koili (yale mabomba yenye vibati yanayopoza chumba), palepale inapokaaga siku zote, inang'aa. Nikainua macho, koili yenyewe imeota manyoya meupe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kontrola ya mlangoni, kile kidude kinachoendesha friza, inasoma -13 na mimi niliiacha kwenye -18.

Sasa Jumamosi yake tulikuwa tumetoa mzigo wote, tukauhifadhi kwenye madifriza ya majirani, fundi akamwagia koili maji masaa matatu mpaka barafu yote ikaisha kikabaki chuma kitupu, tukafuta sakafu kwa matambara, tukasubiri ubaridi urudi, tukarudisha mzigo, saa 2 usiku nikafunga. Jumapili hatufungui. Yaani tangu Jumamosi usiku hakuna binadamu aliyegusa ule mlango.

Ufunguo ulikuwa kwenye pochi yangu.

Na kijana wangu wa stoo, ambaye kwa wiki kadhaa nilikuwa namwambia yeye ndo analeta barafu kwa kuacha mlango wazi, alikuwa ameshaondoka tangu Ijumaa.

## Mlango, mlango, mlango

Friza yangu siyo kubwa, chumba cha paneli mita 3 kwa 4, kipo stoo ya huku mtaa wa Unga Limited, nauza kuku, samaki, soseji na chipsi za kugandisha kwa mahoteli na kwa watu wa safari. Barafu ilianza katikati ya mwezi wa tatu. Mwanzoni ni theluji nyepesi juu ya katoni, unapangusa na mkono inaisha. Afu koili ikaanza kuwa nyeupe. Afu sakafu. Mpaka mwisho wa mwezi tunavunja barafu kila baada ya siku mbili, na kompresa inanguruma mchana na usiku haipumziki, na bili ya umeme imepanda mpaka nikadhani kuna mtu kajiunganishia.

Fundi wa kwanza alikuja, akatazama nusu dakika, akasema mlango.

Na alichosema ni kweli kabisa, ndo maana kilinikaa kichwani. Ukifungua mlango wa friza, hewa ya baridi ni nzito, inatoka kwa chini (utaisikia kwenye vidole vya miguu kabla ya popote), na hewa ya nje inaingia kwa juu kuchukua nafasi yake. Hewa ya nje kipindi cha masika imebeba maji. Ikifika kwenye koili, ambayo ni baridi kuliko chumba chenyewe, yale maji yanaganda juu ya vile vibati vyembamba. Vibati vikishazibwa feni haipitishi upepo, chumba kinapanda joto, kompresa inafanya kazi zaidi, koili inazidi kuwa baridi, barafu inazidi. Hakuna uongo hapo.

Kwa hiyo nikaanza kumwangalia kijana.

Na ukishaanza kumwangalia mtu kwa jambo fulani utaliona tu. Nilimkuta siku moja ameweka kreti ya soda mlangoni ili usijifunge, anatoa mzigo. Nikamkuta tena. Nikamwuliza akasema, "Mama, ukijifunga unagoma kufunguka, na mikono yote nimeshika katoni." Nikaona ni visingizio. Friza gani inagoma kufunguka.

Fundi huyohuyo akafunga geji, akasema presha ya gesi ipo chini, akaongeza gesi. Nikalipa. Barafu haikupungua. Akaja wa pili, akabadilisha raba ya mlango yote na kuweka mapazia ya plastiki, nikalipa tena, na hapo kweli ile theluji ya juu ya katoni za karibu na mlango ilipungua nikajua tumeshinda. Wiki moja. Koili ikarudi vilevile.

Mwisho wa mwezi katoni sita za kuku zilikuwa zimelainika na kuganda tena, zile ukifungua unakuta nyama ina mabaka meupe makavu, hoteli haipokei. Nikamkata kijana shilingi 40,000 kwenye mshahara wake. Nilimwambia siyo adhabu, ni kugawana hasara.

Nimeandika hiyo sentensi na kuifuta mara kadhaa kabla ya kuiacha hapo. Ndivyo nilivyomwambia.

Hakugomba. Alifanya kazi mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, akanikabidhi koti na funguo, akasema, "Asante Mama kwa muda wote," akaenda.

## Kitu alichoniambia

Ile Jumatatu gari la Karatu likaondoka na mzigo wao, mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki mle stoo nikijaribu kujitetea. Labda ni unyevu wa Jumamosi, tulifungua sana tukiwa tunarudisha mzigo. Nikampigia fundi wa kwanza, naye akasema hivyohivyo, mama huo ni unyevu wa Jumamosi, utaisha. Ningependa sana kumwamini, maana kama ni unyevu wa Jumamosi basi kijana bado ana makosa na mimi sina.

Ila kuna kitu kilinijia nikiwa nimekaa pale.

Nyuma ya stoo kuna bomba linalotoka ukutani, ndo linatoa maji ya koili. Friza yoyote ya namna hii kila baada ya masaa kadhaa inasimamisha baridi, hita zilizo ndani ya koili zinawaka, barafu inayeyuka, maji yanaangukia kwenye trei na kutoka nje kwa hilo bomba. Mafundi wanaita difrosti. Kijana alikuwa anakinga hayo maji kwa ndoo, asubuhi anamwagia vumbi la uani au anaoshea matairi ya toroli. Maji ya bure.

Na mwezi wa tatu, sikumbuki siku, aliniambia akiwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, "Mama, ndoo ya nyuma siku hizi haijai."

Nilimjibu nini? Nadhani nilimwambia achukue ya bombani.

Sasa fikiria. Friza imejaa barafu kuliko wakati wowote tangu niinunue, na maji yanayotakiwa kutokana na hiyo barafu hayatoki. Jibu lilikuwa limeshikwa mkononi na mtu amesimama mbele yangu, na mimi nilisikia habari ya ndoo.

## Fundi mzee

Jamaa yangu mmoja wa Moshi ana bucha kubwa, akaniambia kuna mzee anamtengenezeaga, hataki haraka, ukiwa na haraka usimwite. Akaja na Coaster, akashuka stendi na begi dogo na mwavuli. Nilitegemea afungue begi. Hakufungua. Aliingia ndani ya friza na tochi akakaa dakika kumi nzima mpaka nikaanza kuogopa, akatoka anapuliza mikono, akaanza kuniuliza maswali kama daktari.

Barafu ya sakafuni ilianza lini, na ya kwenye koili ilianza lini? Darini juu ya mlango kuna barafu? Koili inaota yote au upande mmoja? Kuna kitu chochote kilibadilishwa humu mwaka huu?

Afu akaniingiza ndani akanionyesha kitu ambacho sijakisahau. Alimulika tochi koili akasema, "Unaona hii, mama? Nyeupe, laini, kama theluji ya mlimani. Hii ilikuwa mvuke hewani, ikaganda bila kuwa maji kwanza." Akamulika sakafu. "Na hii? Kioo. Hii ilikuwa maji. Yametiririka ndo yakaganda. Kwa hiyo kuna hewa inaingia, na kuna maji yanayeyuka hayana pa kwenda. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye."

Kwa maelezo yake, barafu ya mlango anaijua, inakaa darini na kwenye paneli za karibu na mlango, na kwangu pale palikuwa pasafi tangu raba mpya. Koili ingeota upande mmoja tu na mwingine ukabaki mkavu angefikiria gesi pungufu, au hita moja imekufa. Koili ikizibwa yote sawasawa, mwanzo hadi mwisho, yeye anauliza swali moja tu, hii friza inajiyeyusha au haijiyeyushi?

Kuhusu ile gesi iliyoongezwa alitikisa kichwa. Koili ikizibwa na barafu haipokei joto, na isipopokea joto presha ya kurudi kwenye kompresa inashuka, geji inakuonyesha kama gesi imepungua kumbe haijapungua. Baadaye aliipunguza, maana ikizidi inaweza kurudi kwenye kompresa ikiwa maji badala ya hewa na kompresa ikafa. Kwa hiyo nililipia kitu ambacho kingeniulia kompresa.

Nikamwambia habari ya ndoo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Nani alikwambia hivyo?"

Nikasema kijana wangu.

"Yuko wapi nimwulize?"

Sikuwa na la kumjibu, nikasema ameacha kazi.

## Moshi wa udi

Tukaenda nyuma. Bomba linatoka ukutani, lina kona ya U kabla ya kushuka, kazi ya ile kona ni kubaki na maji muda wote ili hewa ya nje isipande kwenda ndani. Imewekwa nje makusudi maana ingekuwa ndani ya friza yale maji yangeganda. Mzee akaomba udi. Dukani kwa jirani wanauza, nikaleta, akauwasha na kuusogeza kwenye mdomo wa bomba.

Moshi ukaingia ndani.

Haukupanda juu kama moshi unavyopanda. Uliinama ukaingia kwenye bomba kama unavutwa, na kweli ulikuwa unavutwa, kwa feni za koili na kwa chumba chenyewe kinapopoa. Akafungua kona ya U, kavu, ina vumbi na mdudu mmoja.

Nilisimama pale mvua inaninyeshea mgongoni nikaelewa Jumapili yangu nzima. Mlango umefungwa, ufunguo uko kwenye pochi, mimi niko kanisani, na friza inavuta hewa ya masika kwa nyuma kupitia bomba la inchi moja, usiku na mchana.

Ila mzee alinikataza kufurahi. Kona imekauka kwa sababu haipati maji, haipati maji kwa sababu difrosti haifanyiki. Hili ni tawi, bado hatujaona mzizi. Akamwaga lita moja ya maji kwenye kona, akajaribu udi tena, moshi ukapanda juu kama kawaida, akasema twende ndani.

## Kidude kinachohesabu upya

Hapa ndo alikaa. Aligeuza kreti, akaketi mbele ya kontrola kuanzia saa 10 jioni. Kwanza aliiamuru difrosti kwa mkono, hita zikawaka, akapima zote, nzima. Sensa, kile kipima joto cha koili, nzima. Settingi zinasema iyeyushe kila baada ya masaa 6 kwa dakika 20. Kwa hiyo kila kitu kizima na hakuna kinachofanya kazi, na mimi nilishaanza kuhesabu nauli yake na posho yake kichwani nikiona tunarudi kulekule.

Akauliza tena, ni nini kilibadilishwa mwaka huu.

Nikakumbuka kontrola yenyewe. Ile ya zamani ilikuwa na saa ya kuzunguka, ilikufa mwezi wa kwanza, tukaweka hii ya kidijitali, ya bei nafuu, na mwezi wa kwanza na wa pili ilifanya kazi vizuri sana. Ndo maana sikuwahi kuifikiria. Kitu kikiharibika mwezi wa tatu hufikirii cha mwezi wa kwanza, unafikiria mvua, maana mvua na barafu vilianza pamoja.

Saa 1 na dakika 20 usiku nikasikia "tak".

Taa za stoo zinawaka, redio ya mlinzi inaimba, ila friza imezima. Ni kile kiboksi cha kulinda kompresa dhidi ya umeme mdogo, umeme ukishuka kinakata, ukirudi juu kinasubiri dakika 3 afu kinawasha. Kila jioni hapa mtaani umeme unashuka watu wakianza kupika na kupiga pasi, kila mtu anajua. Mzee akaweka mita, volti 187, na ilishashuka zaidi ya hapo muda mfupi uliopita. Dakika 3 zikapita, "tak", friza ikawaka.

Akaninyooshea kidole kwenye kontrola. "Sasa hivi imeanza kuhesabu masaa 6 upya."

Haina betri. Haijui ni saa ngapi. Inachojua ni kwamba imewashwa sasa na ikifika masaa 6 bila kuzimwa itayeyusha. Ikizimwa hata sekunde moja katika saa la sita, inarudi sifuri. Mpaka saa 3 usiku tulikuwa tumesikia ile "tak" mara nne, na mimi nimefanya biashara mle miaka mitano sijawahi kuisikia, maana kwa kawaida saa 12 jioni nakuwa nimeshaondoka.

Ongeza na kukatika kwa umeme kipindi cha mvua. Mimi nina jenereta na nilikuwa najisifu kwamba friza yangu haikai bila umeme zaidi ya dakika chache. Kumbe kila umeme ukikatika inazimwa mara mbili, wakati wa kwenda kwenye jenereta na wakati wa kurudi. Dakika chache kwa kuku si kitu. Kwa kile kidude ni masaa 6 yamefutwa.

Kwa hiyo ilikuwa inabahatisha. Siku nyingine usiku wa manane unapita bila kukatika inayeyusha mara moja badala ya nne, na hiyo moja ina dakika 20 tu za kumaliza barafu ya siku mbili. Na hita nazo, umeme ukiwa mdogo, hazishuki kidogo kama nilivyofikiria. Mzee alinipigia hesabu nyuma ya risiti, nguvu ya hita inakwenda kwa volti mara volti, kwa hiyo ya wati 1,000 kwenye volti 230 ukiipa 187 inabaki kama wati 660. Inayeyusha nusu nusu, yale maji yanashuka kwenye trei, yanakuta mdomo wa bomba bado umeganda nusu, yanafurika sakafuni. Kioo changu.

Nilimwuliza si tuiambie tu iyeyushe kila umeme unaporudi, hiyo settingi ipo. Akasema ipo, ila kwa mtaa huu itawasha hita mara sita jioni moja, utakuwa unapika kuku wako. Alitaka kontrola yenye saa yake na betri yake, inayojua kwamba sasa ni saa 9 usiku hata kama umeme umekatika mara kumi. Tukapanga saa 5 usiku, saa 9 usiku, saa 5 asubuhi na saa 11 jioni, masaa ambayo mlango haufunguliwi sana na umeme haujaanza kulemewa. Na isikatishwe na dakika 20, iendelee mpaka sensa ya koili ionyeshe barafu imeisha kweli, ila isizidi dakika 40 hata kama sensa imekufa. Feni nazo zisubiri kidogo baada ya hapo ili zisipulizie matone kwenye katoni.

## Kreti ya soda

Nilidhani tumemaliza. Siku ya pili asubuhi tumefungua, tumefunga, mzee akataka kufungua tena haraka achukue tochi aliyoisahau ndani, mlango ukagoma. Alivuta kwa mikono miwili. Baada ya dakika hivi ukaachia kirahisi.

Akatazama juu ya mlango, kwenye paneli kuna kitundu chenye kifuniko kidogo, sikuwahi hata kujua kazi yake. Hewa ya joto ikishaingia na mlango ukafungwa, ile hewa inapoa ghafla na kusinyaa, chumba kinakuwa kinavuta, na hicho kitundu ndo kinaruhusu hewa kidogo iingie kusawazisha. Kina hita yake ndogo kisigande. Hita ilikuwa imekufa na kitundu kimeziba kwa barafu, gumu kama saruji.

Kwa hiyo mlango ulikuwa unagoma kweli.

Kijana aliweka kreti kwa sababu mlango ulikuwa unagoma, na aliniambia hivyo kwa maneno mepesi kabisa ya Kiswahili, na mimi sikwenda kuuvuta hata mara moja nione.

Hilo limenikaa zaidi ya habari ya ndoo. Ndoo ningeweza kusema sikuelewa maana yake, mimi si fundi. Ila mlango kugoma hakuhitaji ufundi, ni kunyoosha mkono. Nimejiuliza wiki nyingi kwa nini sikunyoosha, na jibu ninalopata kila mara silipendi. Fundi alishasema mlango, na mlangoni alikuwepo mtu mmoja, na huyo mtu nilikuwa namlipa mimi. Ilikuwa rahisi. Kama angekuwa ni mwenye lodge ameniambia mlango umemgomea ningeenda mbio.

Na tusidanganyane, kreti ilikuwa inaingiza hewa, barafu ya darini ile ya mwanzo ilikuwa ya kreti. Nimejaribu kuishikilia hiyo ili nipumue kidogo, haikai. Hata mlango usingefunguliwa kabisa friza ingejaa barafu, nilishaliona kwa macho yangu Jumatatu ile alfajiri.

## Usa River

Ilinichukua mpaka mwezi wa saba kumtafuta. Nilikuwa na sababu nyingi, msimu wa watalii umeanza, mzigo mwingi, ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Namba yake ilikuwa haipatikani, nikaulizia kwa mlinzi, mlinzi akaulizia kwao Ngaramtoni, nikaambiwa yuko Usa River kwenye shamba la maua, amewekwa kwenye chumba cha baridi, anapokea waridi kutoka shambani.

Tulikutana nje ya geti wakati wa mapumziko yao ya mchana. Baridi ya mwezi wa saba, wote tumejikunyata. Amenenepa kidogo. Akanisalimia, "Shikamoo Mama," kwa adabu ileile, na hiyo adabu ndo ilinimaliza nguvu, ningependa angenuna. Nikampa bahasha ina zile 40,000 na nyingine juu yake, nikamweleza yote, kontrola, kona ya U, moshi wa udi, kitundu cha juu ya mlango. Nikamwambia nilikukosea, na nilikukosea mbele ya wenzako, nimeshawaambia na wao.

Alisikiliza amekunja mikono. Hakusema nimekusamehe wala hakusema hapana. Alisema huku wana karatasi imebandikwa mlangoni, kila saa anaandika nyuzi joto, na akiona kitu hakieleweki kuna sehemu ya kuandika, na msimamizi lazima aweke sahihi kuonyesha amesoma. Kazi anaipenda. Nilikuwa nimejipanga kumwomba arudi, sikumwomba.

Kengele yao ikalia. Akaweka bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akapiga hatua kama mbili, akageuka.

"Mama, na ndoo inajaa?"

Nikamwambia inajaa, asubuhi ile nilikuta imefurika mpaka imelowesha matofali.

Akatabasamu, akaingia ndani.